Mwanamke Aliyekaa Jiweni

Siki, rafiki yangu. Siki ndiyo iliyonirudisha Koekelberg.

Jumamosi iliyopita mama alinitembelea kwangu Etterbeek, hapa Bruxelles, akabwaga mfuko wa dukani juu ya meza ya jikoni, akavua koti huku akilalamika. "Hii kitu inanuka, mwanangu. Mu tramu bantu balikuwa bananiangalia sawa mimi njo nanuka." Ndani mlikuwa na makopo mawili bapa ya bati, yamezungushiwa gazeti kuukuu na kufungwa pamoja kwa utepe mpana. Yalitoka Jette, kwenye nyumba ya mapadri wastaafu inayofungwa mwaka huu. Mwanamke wa kwetu anayefanya usafi pale aliambiwa aondoe masanduku ya marehemu stoo, akayakuta makopo haya ndani ya sanduku la Padri wetu. Badala ya kuyatupa, akamkumbuka mama. Mama naye akanikumbuka mimi, kwa kuwa riziki yangu naipata kwenye filamu. Mimi ni mhariri, yule anayekaa chumba chenye giza akiamua picha ipi itangulie na ipi ifuate.

Nilichana gazeti kwa pembeni, nikabenjua kifuniko kidogo tu kwa ncha ya kisu, na siki ikanijaa puani. Sisi wa kazi hii tunaijua harufu hiyo. Filamu ya zamani ikianza kuoza hutoa siki, na ikishafikia hapo haina daktari. Kwa ule upenyo niliona mkanda umegandamana, umekuwa donge moja. Mama akafungua dirisha, nami nikaenda kuyaweka makopo nje kwenye kibaraza, na gazeti lake vilevile, nikayafunika kwa beseni. Tukanywa chai. Hakuna aliyehitaji kumwuliza mwenzake ni filamu gani.

Basi kaa vizuri, maana jambo hili siwezi kulisimulia kwa mkato.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi mtaa wa Koekelberg, ghorofa ya pili, watu watatu kwenye vyumba viwili: mimi, mama, na mama yake mama, ambaye nilimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu. Tulikuwa tumetoka Kivu kwa sababu ya vita, lakini vita sitavileta humu. Dirisha la jikoni lilitazama kuba la kijani la Basilika, na Koko alilifanya saa yake: jua likifika pale juu, maharage yawe motoni. Mama alifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa hospitalini Jette, akitoka alfajiri na kurudi hoi, hivyo malezi yangu yote yalipitia mikononi mwa Koko. Alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, ndani ya kinu kilichokalishwa juu ya blanketi tatu zilizokunjwa, ili jirani wa chini asigonge dari kwa mpini wa ufagio. Jirani aligonga hata hivyo. Koko alimsubiri amalize, kisha akaendelea kutwanga kwa mdundo uleule aliougonga jirani.

Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharage, na malipo yangu hadithi. Hadithi za Koko zilikuwa na tabia mbaya, nakuambia. Zilianzia mwisho. Sungura tayari yumo chunguni, maji yanachemka, ndipo Koko anasema, "Alafu, mbele ya ile," na tunarudi nyuma siku tatu. Katikati unaingia wimbo. Wimbo ukiisha tunajikuta nyumbani kwa fisi, hatujui tumefikaje, na fisi naye ana shauri lake na mkewe. Tunakaa huko mpaka nimesahau chungu, halafu sungura anakohoa. Mtoto mimi wa miaka tisa sikupotea hata siku moja. Nikisikiliza nilipenda kupitisha kidole kwenye paji lake la uso, palipokuwa na mfereji mdogo uliotoka upande mmoja hadi wa pili, laini, wa kulaza kidole. Nilidhani bibi wote duniani wanao.

Jumamosi alasiri ilikuwa siku ya picha. Ukumbi wa parokia ulikuwa mwendo wa dakika tano, na watu wa Kivu tulijazana humo kuanzia saa tisa, makoti yenye mvua yakining'inia ukutani, mikate ikiwa imefunikwa taulo ndani ya beseni. Mikate ya kwetu si ile ya kukata kwa kisu. Ni maandazi ya mviringo, ya moto, yanayokuachia mafuta vidoleni. Kulikuwa na kahawa kwa wakubwa na grenadini, sharubati nyekundu, kwa watoto. Na mbele kabisa, kando ya mashine yake, alikaa Padri.

Padri alikuwa Mbelgiji, mzee mrefu wa mabega yaliyopinda, aliyekaa Kivu miaka mingi kuliko baba zetu wengi. Alijua Kiswahili cha kwetu kuliko sisi watoto tuliokuwa tunasahau. Nusu ya waliokaa mle ukumbini walipata karatasi zao za kuishi kwa sababu Padri alisimama foleni pamoja nao, kwenye baridi, akiwa na mwavuli mmoja. Sisi pia. Lishike hilo, maana bila hilo hutaelewa kwa nini Koko alinyamaza muda wote ule.

Filamu zake zilikuwa nyingi, ubatizo huu na daraja lile, lakini moja ndiyo aliyoipenda, na sisi tuliiomba kila mara. Aliipiga mwenyewe akiwa kijana, kabla ya uhuru, kwenye misheni ya milimani. Ilikuwa na makopo mawili, nyeusi na nyeupe, bila sauti. Na kwa kuwa haikuwa na sauti, ilikuwa na Tonton.

Tonton, yaani mjomba, alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya nne, mzee mfupi mwenye tai siku zote. Ujanani Padri alimwajiri kuwa msemaji: kuzunguka naye kilima kwa kilima, kutundika shuka nyeupe ya kuonyeshea picha, na kuwaeleza watu wanachokiona. Padri alimwandikia maneno, Tonton akayameza, na miaka arobaini baadaye hakuwa amebadilisha hata koma. Alisimama kando ya shuka, mgongo kwenye picha, uso kwetu, mikono nyuma. "Musemaji hageukie picha," alituambia. "Musemaji anaangalia bantu, kama banasikia." Nilimwona mtu mkubwa sana.

"Tazameni, ndugu zangu," alianza, na sauti yake ilijaa ukumbi mzima. "Jua limetoka. Huyu ni Mvivu. Amekaa. Jua linapanda, naye amekaa."

Kwenye shuka, msichana wa miaka kama kumi na sita anakaa juu ya jiwe. Anakaa, rafiki yangu, dakika nzima. Kisha anapita Bidii, msichana mwingine, jembe begani, kengele ya misheni nyuma yake. Bidii analima, Bidii anafagia. Taa inawashwa, mikate inapita, Padri anabadilisha kopo. La pili ni mavuno. Bidii ana ghala, Mvivu anakuja mlangoni na kikapu kitupu. Bidii anamfundisha. Na mwisho kabisa Mvivu ametubu: anapanda kilima akija kwetu, ameinama, mzigo mkubwa mgongoni umefunikwa shuka, ukanda wake umembana paji la uso, kama wanawake wa milima ya kwetu wanavyobeba. "Na sasa," Tonton alimalizia, "Mvivu amejua jasho." Watu walipiga makofi.

Siku moja, akitumenyea machungwa, Padri alitueleza alivyoitengeneza. Hakuona haya hata kidogo, kwa kuwa hakudhani jambo hilo lina haya. "Wakati ule tulifundishwa hivi," alisema. "Mwafrika hawezi kufuata picha inayoruka. Ukimwonyesha kichwa peke yake, atauliza mwili uko wapi. Donc, kwa hiyo, asubuhi, kisha mchana, kisha jioni. Kitu kimoja kwa wakati. Na kamera isitikisike." Mimi niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Sikukumbuka kabisa kwamba asubuhi hiyohiyo nilikuwa chunguni na sungura, nimerudi nyuma siku tatu, nimekwenda kwa fisi na kurudi.

Na sikufichi, filamu ile ilikuwa nzuri. Naisema kama mtu wa kazi. Padri alikuwa na jicho. Ukungu wa asubuhi bondeni, migomba inayotikisika polepole, mkono wa Bidii juu ya mpini. Ni baadaye sana, nikiwa shuleni nasomea kazi hii, ndipo niligundua kwamba Bidii alipigwa kutoka chini, mbingu na msalaba vikiwa juu ya kichwa chake, na Mvivu akapigwa kutoka juu, kama kitu kilichoanguka. Nilikuwa nimeshaitazama labda mara thelathini bila kuliona hilo. Ilinifundisha mimi, na mimi nikadhani natazama tu.

Koko hakuja ukumbini hata Jumamosi moja. Miguu ilimuuma, kichwa kilimuuma, sombe haijaiva. Mimi niliamini. Mpaka siku ile, nikichambua maharage, nilipojifanya Tonton. Nilisimama juu ya kigoda, mikono nyuma, nikanguruma: "Huyu ni Mvivu. Amekaa. Jua linapanda, naye amekaa."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Koko hakugeuka.

"Ile maneno, banaisemaka mbele ya bantu bote? Hapa Bruxelles?"

Nikasema ndiyo, kila Jumamosi, na watu wanacheka.

"Bon," alisema Koko. Akazima jiko, akafuta mikono, akakaa. "Ni mimi ule."

Alinisimulia siku hiyo, na kwa mara ya kwanza alisimulia toka mwanzo kwenda mwisho, bila wimbo. Padri alikuwa amefika barabarani na gari, na gari halikuweza kupanda mlima. Kulikuwa na masanduku ya vyombo vyake: makopo, betri, mashine. Aliajiri wasichana wawili wabebe. Mwenzake aliumia mguu njiani, basi Koko akaubeba mzigo wa mwenzake pia, juu ya wake, saa mbili za kupanda, ukanda ukimkata paji la uso. Karibu na kilele Padri alitangulia, akaweka kamera juu ya mwamba ili aijaribu, akampiga picha akija. Alipofika alimwambia, "Kaa kwenye lile jiwe, mtoto, pumzika." Akakaa. Kamera ilikuwa bado inakwenda.

"Mimi sikujua anafanya nini. Nilizania anaangalia milima," alisema. Siku zilizofuata Padri alimwambia shika kikapu hiki, simama pale mlangoni. Akashika, akasimama. Na huyo Bidii je? "Ule mutoto alikuwa analima shamba ya kwinini ya Muzungu. Haikuwa yake. Njala yake na yangu ilikuwa sawasawa."

Kisha filamu ilianza kuzunguka. Kila kilima ilipotundikwa shuka, Koko alipata jina. Watoto walimfuata njia ya kisima wakiimba Mvivu, Mvivu. Kulikuwa na kijana, na ng'ombe wa posa walikuwa wameshafika kwao. Wazee wa upande wa kijana walikwenda kutazama picha kama watu wote, na wiki hiyohiyo wakaja kuchukua ng'ombe wao. Nani anaoa mke ambaye uvivu wake umeonekana kwa macho? Babu yangu alimwoa miaka mingi baadaye, mjane, mtu wa mbali ambaye hakuwahi kuiona filamu.

"Na Padri hakukutambua hapa?"

"Atanitambua wapi. Hata Tonton hanitambue. Mimi nilijua sauti yake siku ya kwanza ku ngazi, akisema tu bonjour maman. Nilijificha ku ghorofa isiyo yetu."

Nikamwuliza, kwa ukali wa watoto, kwa nini hamwambii. Akanyoosha mkono kuchukua kibiriti. "Alitutafutia karatasi. Muntu aliyekuokota mu mvua, utamupatisha haya namna gani mbele ya bantu?" Akawasha jiko tena. "Minataka kitu moja tu. Aseme yeye mwenyewe, bantu basikie: huyu hakukuwa muvivu. Kisha nife."

Nililia. Tangu jioni ile sikumwigiza Tonton tena, na nilianza kuwaogopa watu wanaopiga makofi.

Sasa, ilikuwa Jumamosi moja ya Kwaresima. Padri alikuwa amepasuliwa jicho wiki ile, ana kitambaa juu yake, na lile lingine halikuwa na nguvu. Alikuja hivyohivyo, akakalishwa mbele na fimbo yake, na Tonton akaachiwa mashine peke yake, aiwashe na aichague filamu mwenyewe. Na siku hiyo Koko alivaa liputa lake la kanisani, kitenge cha ndege wa bluu, akanishika mkono. "Leo ninaenda," alisema. "Na mimi nijione mara moja." Mama hakuamini macho yake.

Tulikaa safu ya tatu. Taa ikazimwa, mashine ikaanza kutatarika, Tonton akasimama mahali pake, mgongo kwenye picha. "Tazameni, ndugu zangu. Jua limetoka. Huyu ni Mvivu. Amekaa."

Kwenye shuka msichana alikuwa amesimama mlangoni na kikapu kitupu.

Umeshaelewa. Tonton alikuwa amefungua makopo yote mawili kwa pamoja, akaweka la pili kwanza. Na angejuaje? Miaka arobaini alikuwa akiisikia filamu ile kwa masikio tu, mlio wa mashine nyuma yake na nyuso zetu mbele. Aliijua kwa maneno, wala hakuwahi kuiona. "Jua linapanda, naye amekaa," aliendelea, huku Mvivu anaomba chakula, huku ghala la Bidii linapita. Watoto walianza kucheka, wakubwa wakajikausha. Tonton akidhani tumefurahi, alipandisha sauti. Mkono wa Koko ulinibana mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha kikaja kile kilima, na yule msichana akija, ameinama chini ya mzigo, mishipa ya shingo imesimama. Tonton alikuwa anaeleza ufagio.

Taa ikawaka. Mtu akamnong'oneza Tonton. Padri akainua jicho lake moja, akauliza kuna nini. "Rien, mon père, hakuna kitu, tunaendelea," alisema Tonton, lakini uso ulikuwa umembadilika. Alibadilisha kopo, akazima taa, akasimama mahali pake. Akafungua mdomo. Maneno yalikuwa yameondoka. Yalikuwa yamepangwa kichwani kwa foleni, na foleni imevunjika.

Basi kwa mara ya kwanza ile picha ikaonekana kimya. Tulisikia mashine tu. Msichana anakaa juu ya jiwe. Na kwa kuwa hakuna aliyetuambia tunaona nini, tuliona. Kifua kinapanda na kushuka. Jasho linatiririka shavuni, analifuta kwa nyuma ya mkono. Mkono mwingine bado umeshika ukanda wa mzigo. Kwenye paji la uso kuna alama, toka upande huu hadi huu, bado mbichi. Dakika nzima, rafiki yangu. Padri hakukata kwa sababu alifundishwa kwamba hatuwezi kufuata picha inayokatwa. Angekata, jasho lile lingepotea. Hilo namshukuru hadi leo, japo hakulikusudia.

Nyuma yetu maman mmoja, mkate mkononi, akasema polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Oh, masikini. Ule mutoto amechoka."

Koko akasimama.

"Padri," alisema, na hakupandisha sauti. "Njo mimi. Ile mzigo ni makopo yako na betri yako, na ya mwenzangu juu. Saa mbili toka ku barabara. Ulinisemea nikae ku jiwe, nipumzike. Nikakaa." Akameza mate. "Balileta ng'ombe ku baba yangu, kisha bakazirudisha kwabo. Minakuomba kitu moja. Sema, bantu basikie."

Watu wote waligeukia Padri. Kwenye shuka Bidii alikuwa analima, hakuna aliyemtazama. Padri alikaa, mikono miwili juu ya fimbo, uso kuelekea mahali sauti ilipotoka. Mdomo wake ulitikisika. Nilimwomba Mungu kwa nguvu zangu zote amfanye aseme. Mkanda uliisha, ncha yake ikabaki inapigapiga kwenye gurudumu, tap, tap, tap, na Tonton hakuizima. Hatimaye Padri akasema, "Nirudisheni nyumbani. Jicho linaniuma."

Wakamrudisha. Koko alikunja liputa lake vizuri, akabeba beseni la mikate iliyobaki, tukaondoka. Nyumbani aliwasha jiko kama siku zote. "Bantu baliona," alisema. "Yeye, sijui."

Hatukukaa sana mlango ukagongwa. Ni Tonton, bila tai. Alisimama kizingitini akakosa pa kuanzia, yeye aliyeishi kwa kusema. "Maman," alisema mwishowe, "ile picha, mimi sikuigeukia hata mara moja. Leo njo nimeona." Alikuwa anatokwa machozi waziwazi. Koko alimwangalia, akamwonyesha kiti, akampakulia maharage. Toka siku hiyo hadi alipokufa, Tonton hakumwacha Koko abebe hata mfuko wa vitunguu. Alimngoja chini mlangoni siku za soko, akaubeba mfuko hadi ghorofa ya pili, kisha akapanda mbili zake akihema. Mama alisema wanachekesha. Mimi sikuona cha kuchekesha, nilimpenda zaidi.

Picha za Jumamosi ziliishia hapo. Padri alihamia Jette kwenye nyumba ya wastaafu wenzake, na mama, akitoka zamu, alikuwa anapita kumsalimu. Koko hakwenda, ila kila Krismasi alimpelekea mikate kwa mkono wa mama, kwenye taulo safi. Mama alirudi na taulo na salamu: Padri anashukuru, Padri anakula wali tu siku hizi. Koko alipokea taulo, akasubiri kidogo, kama kuna neno lingine. Halikuwapo. Padri alipofariki Koko alikwenda mazishini, akaimba kuliko wote. Naye akaondoka miaka miwili baadaye, kitandani mwake, nami nikiwa nimeshika mkono wake. Nilipitisha kidole kwenye ule mfereji kwa mara ya mwisho. Siku chache kabla alikuwa amesema tena, bila hasira, "Yeye, sijui."

Ndipo nikachagua kazi hii, kama bado hujabaini. Watu huniuliza nilikoipata, wakitegemea nitaje shule. Niliipata kwenye kopo lililowekwa vibaya. Mwanamke anakaa, kisha anabeba: mvivu ametubu, wamisionari wana faida. Mwanamke anabeba, kisha anakaa: mtu amechoka. Picha ni zilezile, hakuna hata moja iliyosema uongo. Wanafunzi ninaowafundisha kazi hii nawaambia wasitafute mahubiri kwenye maneno peke yake, watazame nani ametangulizwa.

Ukumbi wa parokia sasa ni mahali pa watu kukimbia juu ya mashine wakitazama ukuta. Jirani wa chini na ufagio wake sijui wako wapi. Sombe nainunua imesagwa, ya kugandishwa, na jikoni kwangu hakuna mdundo. Ningetoa mengi kuusikia ule ukumbi tena, hata ule mkanda unaopigapiga.

Mama alipomaliza chai alisema, "Sasa ile kitu utaitupa?" Nikatoka kibarazani, nikaondoa beseni, nikabandua gazeti lote safari hii, nikafuta vifuniko kwa kitambaa.

Kwenye kila kifuniko kulikuwa na namba kubwa ya rangi nyeupe, ya zamani, 1 na 2, zilizoandikwa na kijana mwenye mkono thabiti. Zote mbili zilikuwa zimepigwa mstari kwa kalamu ya bluu, mstari ambao haukuwapo siku za ukumbini. Chini ya 1 kulikuwa na 2. Chini ya 2 kulikuwa na 1. Mwandiko ulikuwa wa kutetemeka, wa mtu asiyeona vizuri, na ile 1 ilikuwa na kofia ndefu ambayo Padri alizoea kuiweka alipotuandikia namba za nyimbo ubaoni.

Nilimwita mama. Alivaa miwani yake, akainama, akatazama kifuniko cha kwanza, akatazama cha pili, akarudi kwenye cha kwanza. Akaweka kiganja mdomoni.

"Alisema," mama akasema. "Alisema, na hakuna aliyemusikia."

Ile filamu haitaonekana tena na macho ya mtu. Nilikaa pale kibarazani na mama yangu, makopo katikati yetu, harufu na yote, nikamsimulia kwa utaratibu alioutaka Padri mwishowe. Msichana anapanda kilima, mzigo mgongoni. Anafika. Kuna jiwe. Anakaa. Amechoka.